Wa Nane Katika Nyumba ya Mama Nabintu

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilitapika. Ilikuwa nyuma ya darasa la mabati pale Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, miezi michache baada ya kukimbia vita vya Kongo, kwetu Kivu ya Kusini, mwaka 1996, na ndani watoto walikuwa wakiningoja niwape imla, yaani mwalimu asome nao waandike. Mwalimu Mkuu alinipa maji ya kusukutua. "Monsieur," akasema, "woga si ugonjwa. Ingia." Nikaingia. Nimefundisha Kifaransa karibu miaka ishirini tangu siku ile, na woga haukuniacha hata muhula mmoja.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Mbarara. Kwanza nilifundisha wauguzi wachache pale Ruharo, kisha Sista aliyekuwa Mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, upande wa Nyamitanga, akanichukua. Huko ndiko nilikokutana na muhula wa ng'ambo. Mtaala ulidai kila mwanafunzi wa Kifaransa aishi majuma matatu katika nchi inayokisema, la sivyo hapati cheti. Sisi walimu jambo hilo tuliliita kuzamisha: unamtia mtu mzimamzima ndani ya lugha, apike kwayo, agombane kwayo, mpaka aache kutafsiri kichwani. Lakini nchi za jirani zilikuwa na vita, na wazazi hawakutaka kusikia.

Wazo lilikuwa langu, simsingizii mtu. Nilimwambia Sista kwamba wanaokisema Kifaransa wako karibu, tuwapeleke wanafunzi Nakivale.

Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo ni ng'ambo gani, Mwalimu?"

"Ng'ambo ni pale usipojua kuomba chumvi, Sista."

Akacheka, akatia sahihi. Kibali tulichopewa na mkamandanti, ofisa wa serikali anayesimamia makazi, kilikuwa cha kuingia asubuhi na kutoka jioni. Tulijua wote wawili kwamba kuzamisha hakufanyiki mchana tu, na nilipotaja suala la kulala, Sista alisema, "Hilo mimi sikulisikia." Tangu hapo nilitembea kama mtu aliyemeza mfupa.

Sheria yangu ilikuwa moja: nyumbani kwa mwenyeji hakuna mgeni. Mwanafunzi atamwita mama wa nyumba maman, naye ataitwa ma fille, binti yangu, na yeyote akiuliza, jibu ni hilo hilo. Nilikuwa nimeona kwamba anayeitwa mgeni huletewa kiti akanyamaza, lakini anayeitwa mwanangu hutumwa na kukemewa, na lugha huingia huko. Kwetu Kivu, hata hivyo, sheria hiyo haikuhitaji mwalimu. Aliyekula ugali wa mama siku tatu ni mtoto wake.

Mwaka wa tatu wa mpango huo nilimpeleka Kemigisha, binti wa sajini wa kambi ya jeshi pale Mbarara. Baba yake alinisimamisha langoni. "Mwalimu, mimi nimepeana mtoto yangu kwa mkono yako," akasema. "Akipata shida, nakuja kwako, si kwa Sista." Nilimweka kwa Mama Nabintu, mjane mkulima mwenye watoto sita. Nilijua mama yule anaogopa magwanda, nikamweleza mapema kazi ya baba wa msichana. "Mutoto haana gwanda," akanijibu. "Alete mikono tu." Siku ya tatu, kama wahenga walivyoagiza, alimpa jembe.

Ambalo sikulijua ni kwamba faili ya Mama Nabintu ilikuwa imeamka. Mkimbizi yeyote atakuelewesha: faili ya kuhamia nchi ya mbali hulala miaka mingi, kisha ofisa huja nyumbani bila kutangaza, kuhakikisha waliomo ndio walioandikwa. Mtu akizidi, unaambiwa umepachika mtu wako, na faili inafungwa.

Ofisa alifika asubuhi akamkuta Kemigisha anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akamuuliza kwa Kifaransa yeye ni nani. Kemigisha, mwanafunzi wangu bora, alisimama wima akajibu kama nilivyomfundisha: ni binti wa nyumba hii. Ofisa akamgeukia Mama Nabintu. Mama akamshika msichana bega, akasema ndiyo, ni wake. Kwenye karatasi palikuwa na watu saba. Ofisa akaandika nane, akaondoka.

Nilipofika jioni nilimuuliza Mama Nabintu kwa nini alikubali, ilhali alijua uzito wa karatasi ile kuliko mimi.

"Mutoto ameniita mama mbele ya mutu," akasema. "Miye niseme simujui?"

Dawa ilikuwa moja: niende ofisini niseme msichana ni mwanafunzi wangu. Lakini hapo ningekiri pia kwamba alilala kinyume cha kibali, na kazi yangu ingekwenda, labda na ya Sista. Nilikaa kimya siku tisa. Ninaona aibu kuiandika hesabu hiyo. Nilisahihisha madaftari yale yale mara mbili, sikujua ninachosoma. Mficha uchi hazai, nikajiambia, nikaenda kwa Sista.

"Lile ulilosema hukulisikia," nikamwambia, "sasa lisikie."

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mwavuli wake tukaenda wote.

Mkamandanti wa makazi alipiga meza, akaufuta mpango wetu palepale. Mimi nikapewa barua ya onyo, nikabaki na kazi. Ila ofisa wa faili alitaka kusikia kwa Kemigisha mwenyewe, mbele ya Mama Nabintu. Alimhoji saa nzima kwa Kifaransa. Huyu ni mama yako? Hapana. Una undugu naye? Sina. Kwa nini alisema wewe ni wake? Ni desturi tu, mimi si wake. Mama Nabintu aliangalia sakafu muda wote. Kemigisha hakukosea hata neno. Ulikuwa mtihani bora kuliko yote niliyowahi kusikia, na nilitamani akosee.

Faili haikufungwa, lakini ilirudi kulala. Ililala miaka mingi. Kila nilipokwenda Nakivale nilisoma ubao wa majina ya wanaosafiri kabla ya kumsalimu mtu.

Nilistaafu mwaka 2015. Vijana wanaofundisha lugha huniuliza kama kuzamisha kunafaa. Nawaambia kunafaa, lakini muulize kwanza mwenyeji ana nini cha kupoteza. Mimi niliuliza kama ana kitanda.

Mwaka huohuo jina la Mama Nabintu lilibandikwa. Siku ya safari nilikwenda kumuaga, na Kemigisha akaja pia kutoka Isingiro, anakofundisha Kifaransa. Hakutaka kusogea karibu na basi. Alisimama nami nyuma ya seng'enge, mikono mgongoni, akiogopa hata kupunga, asije akaandikwa tena. Ofisa aliita majina. Watoto sita, ambao sasa ni watu wazima, walipanda mmoja mmoja, na mama yao mwisho.

"Mko saba? Mmetimia?"

Mama Nabintu alisimama mlangoni, akageuka akatutazama. Nilimwomba Mungu mama yule anyamaze, aingie, akae.

"Ba kwenda ni saba," akasema kwa sauti ya kutosha. "Wa munane anabakia."

Ofisa aliinua kichwa, kalamu mkononi. Alimwangalia mama, akatuangalia sisi, kisha akatia alama kwenye saba na mlango ukafungwa. Kemigisha alikuwa tayari amenyoosha mikono yote miwili juu ya seng'enge, akiita, "Maman."