Siku Tuliyopimwa Kilo Kiwandani

Mafuta ya moto yakikutana na kostiki, yale magadi makali, hutoa harufu ambayo sijaisikia kwingine kokote: kama chuma kilicholowa, kama nywele zilizoungua kidogo, na kwa nyuma utamu wa mawese. Harufu hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba. Nina karakana yangu ya sabuni huku mtaa wa Gerezani, nimeisimamisha kwa mikono hii, mimi niliyeishia darasa la saba na mtihani nikaanguka, na leo wenye digrii zao wananiita bosi. Najisifu, ndiyo, nani atanisifu? Lakini bosi huyuhuyu, asubuhi mafuta yanapoanza kuchemka, mwili humsisimka, na lazima atoke nje kidogo ajifanye anapiga simu. Sababu yake sijawahi kuiandika popote.

Nilikuwa darasa la tano, shule moja hapahapa Kariakoo, mwalimu wetu wa sayansi alipotuambia tutapelekwa kiwanda cha sabuni, Barabara ya Pugu, tukaone vitu vya nyumbani vinatengenezwaje. Mwalimu Zuhura alikuwa mwembamba, mkali, na aliamini mtoto akiona kitu kwa macho yake hakisahau. Hapo hakukosea.

Wenzangu walifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana nilipata la kusema. Enzi zile kila mtoto wa mjini alimjua mumiani, yule anayekamata watu na kuwanyonya damu. Nikaongeza yangu. Nikasema damu inakwenda hospitali, lakini mafuta ya watu yanakwenda kiwandani, ndiyo maana sabuni ya mche ina povu zito namna ile. Nikasema mumiani huifuata sauti, kwa hiyo ukimwona usilie, nyamaza kabisa. Nikasema haya yote aliniambia mjomba wangu aliyefanya kazi hukohuko. Mjomba wa namna hiyo sikuwa naye. Ila kipaji nilikuwa nacho, nawaambieni, mpaka wakubwa wa darasa la saba walikuja kunisikiliza wakati wa mapumziko.

Aliyeniamini zaidi alikuwa Sefu, tuliyekaa dawati moja. Mama yake alikaanga vitumbua, na Sefu alibeba beseni sokoni kila alfajiri, kwa hiyo alichelewa shule mara nyingi. Mwalimu akiita jina lake mimi nilibana koo, nikainamisha kichwa, nikasema "nipo" kwa sauti yake nyembamba. Naye aliniitikia siku nilizotoroka kwenda Jangwani kutazama mpira. Tuliuita urafiki, na wala hatukuwa peke yetu; nusu ya darasa waliishi hivyo.

Tulikwenda kwa lori la baba wa mwenzetu mmoja, tumesimama nyuma, tunaimba. Nyimbo ziliisha getini. Lori lilipanda juu ya bamba kubwa la chuma, bamba likabonyea kidogo chini yetu, na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi akatoka kwenye kibanda. Alikuwa karani wa mzani. Akatutazama, akasoma kilo kwa sauti, akaandika kwenye daftari lake. Pale kiwandani kila gari lilipimwa likiingia na likitoka, hata lingebeba maji matupu. Sisi hatukulijua hilo. Sisi tulikuwa watoto wa sokoni, tuliona kila siku vinavyopandishwa kwenye mzani na vinakokwenda baadaye.

Sefu akaniuliza kwa nini wanatupima. Ningeweza kusema sijui. Nikamnong'oneza, "Wanataka kujua tuna mafuta kiasi gani."

Nilitaka kumtisha kidogo tu. Lakini maneno yalipotoka, mimi mwenyewe nikajikuta nayaamini.

Ndani kulikuwa na mvuke na kelele za mashine ambazo ulizisikia kwenye meno. Aliyetutembeza alikuwa msimamizi, Mzee Komba, jitu la mabega mapana na viatu vikubwa visivyofungwa kamba. Alitupeleka kwanza palipowekwa mafuta yaliyoganda, mapande meupe yenye unjano na mishipa myembamba. Akasema ni ya ng'ombe. Sefu akanitazama. Nami nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejua.

Kisha tukafika kwenye matangi matatu, marefu kama nyumba. Mawili yalikuwa yanachemka, yanagugumia kwa ndani. La tatu lilikuwa limeoshwa, na mlango wake mdogo wa chini ulikuwa wazi, giza tupu. Mzee Komba akasema hilo litajazwa zamu ya mchana ikianza. Mkono wa Sefu ulikuwa mkononi mwangu, umelowa jasho. Akasema anarudi nyumbani. Nikamwambia, wewe nenda, mimi nitakuitikia. Tulipofika kwenye nyaya zinazokata sabuni kuwa miche, nikageuka, sikumwona. Nikadhani amepita getini, yuko njiani. Nikamwonea wivu.

Mwisho kila mtoto akapewa kipande cha sabuni, tukapanda lori, Mwalimu Zuhura akaita majina. Nikaitika mara mbili, kwa sauti mbili. Hesabu ikatimia.

Lori likapanda tena juu ya bamba. Karani akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akamwambia Mwalimu kwamba tumepungua kilo ishirini, na sabuni tumepewa, tulipaswa kuongezeka. Mwalimu akasema watoto wametoka jasho, wengine wamekwenda haja. Lori zima likacheka. Karani hakucheka.

"Mwalimu, hata wangekojoa wote. Una uhakika hujaacha mtoto?"

Mwalimu akasema majina ameyaita yote na yote yameitika. Karani akamuuliza mlinzi kama kuna mtoto aliyetoka. Mlinzi akaapa kwamba geti hilo halijapitisha hata paka tangu tulipoingia.

Hapo nikajua. Sefu alikuwa bado ndani. King'ora cha zamu ya mchana kikalia, kirefu, na wafanyakazi wakatupita wakiingia. Dereva akaanza kulalamika, Mwalimu naye akisema watoto wana njaa na mzani huo ni mbovu. Mimi nilikishika kipande changu cha sabuni, nikatazama chini. Mwishowe karani akachoka kubishana na mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Akainua chuma cha geti, lori likaanza kusogea.

"Mwalimu, Sefu hayupo. Ni mimi niliyeitika."

Sauti iliyotoka ilikuwa ileile nyembamba ya kwake. Mwalimu Zuhura hata hakunipiga. Aliruka chini. Mzee Komba, aliyekuja kutuaga, alikuwa ameshaanza kukimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Alirudi amembeba Sefu, amelowa, amefumba macho kabisa asimwone atakayemchinja. Kwa kumwogopa mlinzi wa getini alikuwa ameingia kwenye lile tangi tupu, mahali pekee alipoona hapana mtu. Mlango wa chini walishaufunga, nati zote zimekazwa, na mtu amekwishashika koki ya mafuta ya moto. Sefu aliwasikia wakikaza. Akanyamaza, kwa sababu nilimfundisha kunyamaza.

Mzee Komba akakaa chini palepale kwenye vumbi, akatoa sigara. Njiti tatu zikamvunjikia mkononi. Nikadhani amechoka kukimbia.

Nilichapwa, sawasawa. Lakini jioni mama yake Sefu alikuja kwetu na sahani ya vitumbua vya moto, akaniita mwanangu, maana Sefu alimwambia mimi ndiye niliyesema. Nikavila vyote. Na kwa miaka mingi, kila kijiwe nilichokaa, nimesimulia jinsi nilivyomwokoa Sefu.

Mwaka jana nilimweleza yote. Siku hizi yuko bandarini, anatoa mizigo ya watu, mvi zimemjaa. Tulikuwa tunakunywa kahawa nje ya karakana yangu. Ya mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Pale getini, uliposhajua niko ndani, ulikaa kimya muda gani?"

"Kidogo tu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akamalizia kahawa, tukaongea mengine.

Siku zote nilidhani pale juu ya lori niliogopa fimbo. Fimbo nilishazizoea. Niliogopa wenzangu wajue kwamba mjomba hakuwepo, kwamba sikujua lolote, kwamba nilikuwa mtoto mwoga kama wao. Na hicho kidogo nilichomtajia Sefu, leo mimi ndiye ninayejua urefu wake. Mlango wa tangi kama lile una nati nane, na walizikaza baada ya king'ora kulia. Nimezikaza mwenyewe mara nyingi, kwa spana, moja baada ya nyingine, na hata mtu mwepesi kama mimi hawezi kuzimaliza haraka.