Harufu ya karafuu kwenye mfuko wa mume wangu

Admin, nifichie jina. Na mambo mengine nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Tanga, niko Brussels tangu 2007. Nimeolewa na Mkongo wa Bukavu, tuna mtoto mmoja, Neema.

Kazi yangu ni kumhudumia mzee wa Kibelgiji huko mtaa wa Uccle. Mzee huyu aliachiwa na baba yake upanga wa Kijapani, wa zamani sana. Alikuwa akiuchomoa kwenye ala, anaufuta kwa kitambaa laini, kisha anaupaka mafuta ya karafuu usishike kutu. Alinieleza kwamba ndivyo Wajapani wanavyotunza panga zao. Moyoni nilicheka, maana kwetu karafuu ni ya pilau na jino bovu.

Mwezi uliopita akaja Mjapani, mjukuu wa ukoo uliopoteza upanga huo wakati wa vita. Ameutafuta miaka na miaka. Mzee akakubali kumrudishia bila ubishi, lakini alipofungua sanduku anamouweka, tupu. Tulipekua nyumba nzima, hadi nyuma ya makabati. Mgeni alikaa kwenye kiti, mikono magotini. Nilimwonea huruma mno.

Lawama zikamwangukia Maman Furaha, anayefanya usafi pale. Akafukuzwa. Huyu ndiye aliyenipokea stesheni ya treni ya Gare du Midi nikiwa na kandambili kwenye baridi, akanivika koti lake, baadaye akanitafutia kazi hii. Sasa kanisani akikaa karibu, watu wanasogeza mikoba. Na anayemsema kuliko wote ni mume wangu.

"Ule maman ni mwizi, miye nilijua tangu zamani," anasema.

Alijuaje? Yeye mwenyewe aliingia nyumba ile mara moja tu, nilipomwombea kazi ya kutengeneza mtambo wa kupasha nyumba joto.

Wiki iliyopita nikataka kufua nguo zake za kazi. Ndani ya mfuko wake nikakuta kitambaa laini kinachonukia karafuu. Akasema ni dawa ya jino. Jino gani? Jana yake alitafuna mifupa ya mbuzi mpaka nikacheka. Nikajituliza kwamba hata jikoni kwangu karafuu haikosi, labda nina roho mbaya tu.

Kisha nikaona katoni ndefu nyuma ya kabati la chumbani kwetu. Eti ni fimbo za kuvulia samaki, anampelekea rafiki yake Paris Jumamosi. Mtu ambaye hata samaki hali! Nikashika utepe wa gundi nibandue. Hakupiga kelele, alisema polepole tu.

"Mama Neema, usifungule. Ukifungula, bon, utakuwa umeona."

Nikaiacha. Ndugu zangu, naogopa. Nampenda mume wangu, na Neema bila baba yake halali. Nikisema, polisi watamchukua mbele ya mtoto. Nikinyamaza, Jumamosi atapanda treni palepale nilipovikwa koti, na Maman Furaha atabaki mwizi maisha yake yote.

Jana mama huyo alinipigia simu. Hakulalamika. Aliuliza kama nyumbani kwangu kuna usafi wowote wa kufanya, apate cha kula. Nikamwambia aje Ijumaa, na mpaka sasa sijui kwa nini nilimwambia hivyo.

Katoni bado iko pale. Nishaurini, nifanye nini? Nimwambie Maman Furaha chumba chetu asikifagie?