Bibi Bado Ananijibu

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Mwananyamala kwenye genge langu la nazi na mchicha.

Bibi mzaa mama alikuwa mtunzi. Tulikuwa na mchezo wetu: yeye anatoa mistari miwili, mimi namjibu kwa vina vilevile, na neno la mwisho likishatumika halirudiwi. Atakayekosa jibu kabla ya magharibi anakwenda kulala kwa mwenzake. Nilikuwa nashindwa makusudi. Nani asingetaka kulala Temeke kwa bibi, asubuhi akaamkia maandazi ya moto?

Alipofariki nilipata upweke ambao hata wanangu hawakuujua. Siku moja nikamwandikia barua ya shairi, nikaisoma kaburini peke yangu, kisha nikaifukia mchangani:

*Bibi salamu pokea, mjukuu wako pweke,*
*Nyumba yanielemea, nani leo anicheke?*

Nikarudi nyumbani moyo mwepesi. Sikufikiri kwamba nimemuuliza swali.

Kesho yake akaja mteja, dada mmoja nisiyemjua. Akaokota nazi, akaitikisa sikioni huku amefumba macho, vilevile alivyokuwa akifanya bibi. Akasema taratibu:

*Salamu nimepokea, kitanda nikitandike,*
*Mie ninakungojea, mlango usifungike.*

Halafu akajipiga paja. Bibi akimaliza ubeti alikuwa anajipiga paja hivyohivyo.

"Nani kakufundisha hayo?" nikamuuliza.

"Yapi tena, dada? Mie nimeuliza bei ya nazi tu."

Nikaikumbuka sheria ya mchezo. Na kwenda kulala kwa bibi, sasa hivi, ni kwenda kulala wapi? Wanangu wangebaki na nani? Nikajibu palepale, yule dada kanikodolea macho:

*Nina watoto nalea, bibi bado nisifike.*

Akairudisha nazi, akaondoka haraka bila kununua.

Tangu hapo bibi hajaacha. Leo anakuja kwa mdomo wa muuza mkaa, kesho wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, na wote ukiwauliza hawajui walichosema. Nimesomewa kisomo, nimepeleka sadaka, ubeti unakuja tu. Kila mara namjibu kabla ya magharibi, na maneno ya kina hicho yananiishia. Naogopa, sifichi. Ila kinachonitisha zaidi ni zile jioni ambazo nimechoka, naisikia ile sauti inanibembeleza, najikuta natamani kushindwa kama zamani.

Kwa hiyo nakuomba, ukimwandikia marehemu wako, msimulie yako, mwombee dua, ulifunge shairi lako. Usimuulize kitu. Mimi wangu ameshatandika kitanda.