Wasomaji Waliomfuata Shemeji

Siku tulipogawana tovuti, wazee waliokuja kutupatanisha waliuliza swali moja tu la maana, nami nikalicheka.

"Hao watu wanaoingia kusoma kila siku," mmoja wao alisema, "nao mtawagawaje?"

Nilimaliza kidato cha nne, kwa hiyo nikamweleza kwa upole wa mwalimu wa chekechea kwamba wasomaji si ngamia, hawapigwi chapa. Akarudi kwenye chai yake.

Tovuti hiyo niliiendesha na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, katika chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Garissa. Tuligombania ukurasa wa mbele. Mimi nilitaka maoni yangu ya siasa yakae juu. Yeye alitaka bei ya mbuzi. Ikaamuliwa tufunge jina la zamani, kila mtu afungue lake. Kwa kuwa mimi ni mkubwa kwa umri, nilichagua kwanza. Nikachukua siasa, maoni, na picha za waheshimiwa wakikata utepe. Nikamwachia bei za mifugo, hali ya barabara na matangazo ya vifo. Niliondoka nikiamini nimembakishia mifupa.

Kila asubuhi baada ya swala nilifungua mchoro wa kuhesabu wasomaji. Mstari ulishuka kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani. Nililaumu mtandao, halafu Ramadhani. Ramadhani ilipokwisha nikalaumu Idi. Siku moja mstari ulipanda kidogo, nikajipongeza mchana kutwa, mpaka nikakumbuka kwamba nilishinda nikifungua makala yangu mwenyewe kusahihisha koma.

Hayo yangevumilika. Lakini shemeji, ambaye kila Ijumaa alikula kwetu, alikoma kuja.

"Umenifukuzia ndugu kwa sababu ya mbuzi," mke wangu alisema.

"Si mbuzi. Ni msimamo."

"Basi Ijumaa msimamo wako uje ule huo wali."

Naye alikuwa akisoma tovuti ya kaka yake mbele yangu, bila hata kuficha simu. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nataka kujua nani amefariki. Kwako hafi mtu, wanakata utepe tu."

Nilijua la kufanya: kumpigia shemeji na kusema nimekosea. Badala yake niliandika makala ndefu kuhusu umoja.

Kisha nikasafiri kwenda Modogashe kununua mbuzi wa harusi ya binti yetu. Wauzaji wananijua sura, na walinitajia bei ya mtu anayependa kupigwa picha. Nilikaa kwenye hoteli ya chai kando ya malori, nikafungua tovuti ya shemeji. Ikaniuliza niko wapi, ili inipe soko la karibu. Nikaruhusu. Nikaiona bei. Halafu, kwa kuwa sina haya, nikafungua ukurasa unaoeleza historia ya tovuti, nione kama ametaja aliyeanza naye. Nikaufunga, nikaufungua tena na tena.

Simu ikalia.

"Warya shemeji, umefika Modogashe?"

"Nani kakwambia?"

"Mchoro wangu. Kuna msomaji mmoja hapo Modogashe ameangalia bei ya mbuzi mara moja, na historia yangu mara tano. Mchungaji gani ana shida hiyo?"

Niliangalia malori. 

"Nilikosea," nikasema. "Nilichagua vibaya, na nilikuacha kwa dharau."

"Najua. Barabara ikoje?"

"Nini?"

"Barabara, shemeji! Watu wanauliza."

Nikamwambia kwamba mto umejaa, malori yamesimama upande wa pili tangu alfajiri, na gari dogo lisijaribu. Muda mfupi baadaye maneno yangu yalikuwa juu kabisa ya ukurasa wake wa mbele, mahali nilipopagombania. Watu waliyasoma zaidi kuliko maoni yangu yote ya siasa. Jina langu hakuliweka.

Ijumaa iliyofuata alikuja. Mke wangu alimwekea kaka yake chai ya maziwa ya ngamia, akamsogezea sinia. Mimi aliniambia birika liko jikoni, na kwamba nikipita mlangoni nisikate utepe.