Nilidesa maneno ya Bi Tatu wa Kariakoo, mwenzangu akaitwa mwizi

Wakuu, salaam zenu. Mnaostahili kuniamkia, marahaba, nimeshaipokea.

Huwa nasoma tu humu na kupita. Leo nimeingia kwa sababu ya ule uzi wa vijana wa vyuo wanaofundishana namna ya kudesa asainimenti bila kukamatwa. Nimeusoma hadi mwisho, nikaona na mimi niseme langu. Ni la kweli, na chumvi sitatia, maana kwa umri huu hata daktari ameikataza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi Mchaga, nimeteremka kutoka Kilimanjaro kusoma chuo kimoja cha ualimu hapa Dar. Jina la chuo naliacha.

Mabweni hayakutosha, kwa hiyo nilipanga chumba Kariakoo. Nyumba ya miti na udongo, bati juu, vyumba sita na ukumbi katikati. Mwenye nyumba alikuwa Bi Tatu, mjane wa rika la bibi yangu. Chumba cha mbele yangu alikaa Saidi, kijana wa Lindi, tuliyekuwa tukisoma naye darasa moja.

Mwaka wa mwisho mkuu wa chuo, Mzungu mmoja mkimya, akatupa kazi: kila mtu aandike insha juu ya habari za zamani za mtaa anaokaa. Insha hiyo ilihesabika kwenye cheti. Akasema wazi kwamba atakayenakili kazi ya mwenzake afunge virago.

Mimi na Saidi tukaenda kwa Bi Tatu. Jioni tatu tulikaa mkekani barazani, kalamu mkononi, yeye anasuka ukili huku anatueleza. Kwamba kabla ya nyumba palikuwa na minazi. Kwamba kisima cha watu wote kilikuwa pale penye duka la vitambaa, na kwa nini kilifukiwa.

Sasa, Bi Tatu alikuwa na desturi moja. Hakusimulia kitu bila kutaja amekipata kwa nani.

"Hili la kisima kanipa bibi yangu, Mwanaidi. Yeye kapewa na mumewe, Mzee Pazi, aliyekuwa mkwezi wa minazi hapa hapa."

Baba yake Bi Tatu alikuwa mwalimu wa Kurani. Hakufundisha dua mpaka amtaje aliyempa yeye, na aliyempa huyo. Binti amekulia humo, basi hata habari za kisima alizitoa hivyo hivyo.

Akianza jambo jingine, anaanza tena na majina. Mimi nikawa nayaruka.

"Andika na hayo, mwanangu."

"Nimeandika, bibi."

Uongo mtupu.

Mtasema uvivu. Haukuwa uvivu wakuu, ilikuwa kujiona. Niliona majina ya vikongwe yataifanya insha yangu ionekane porojo za barazani, na mimi nilitaka mkuu wa chuo aone msomi. Nikaandika: "Baada ya uchunguzi wangu wa muda mrefu, nimegundua..." Muda mrefu wenyewe ndio zile jioni tatu, tena na kahawa juu.

Insha yangu niliikabidhi Jumatatu. Saidi akakabidhi yake Jumatano.

Ijumaa tukaitwa ofisini. Insha mbili mezani, kisima kile kile, minazi ile ile. Mkuu akamgeukia Saidi. Yangu ilitangulia, kwa hiyo yeye ndiye aliyenakili.

Saidi akasema, "Bwana, nimeandika nani kaniambia. Majina yamo humo."

Mkuu akajibu kwamba majina mtu yeyote anaweza kuyabuni. Akaniuliza mimi, "Kazi hii ni yako?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Wakuu, kuyaruka majina lilikuwa kosa la kalamu. Hili sasa nilimfanyia mtu, na nilijua. Saidi alizuiwa kuingia darasani, na barua ya kumfukuza ilikuwa njiani. Baba yake huko Lindi alishawatangazia watu kwamba mwanawe anakuwa mwalimu.

Darasani walimwita mwizi. Mimi nimo, nimeinamia daftari. Nyumbani hakunigombeza, alipita tu ukumbini kama hanioni. Afadhali angenipiga.

Akamwandikia mkuu kuomba jambo moja: aje Kariakoo amsikie Bi Tatu mwenyewe. Jumanne alasiri mkuu akatupakia wote wawili kwenye gari lake, tukaenda.

Bi Tatu hakujua lolote, Saidi hakuwa amemwambia. Alitandika mkeka, Mzungu akakaa kitako kama sisi, akaomba habari za kisima. Kiswahili alikijua vizuri.

"Hili kanipa bibi yangu, Mwanaidi," Bi Tatu akaanza.

Mkuu alikuwa anafuata kwa kidole kwenye insha ya Saidi. Jina kwa jina. Kisha akafungua yangu, na kidole kikakosa pa kwenda.

Akamweleza Bi Tatu mkasa wote. Yule mama akaniangalia, akasema, "Bwana, hawa wote wanangu. Huyu atakuwa kasahau tu. Mambo mengi, kichwa kimoja."

Alinipa mlango. Ningeupita, Saidi angerudi darasani, na mimi pia, yakaisha. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu nilitaka sana kuupita.

Nikamwona Saidi ameinamisha kichwa, anangoja kusikia nitasema nini. Nikashindwa kuupita.

"Sikusahau, bibi. Uliniambia niandike nikakudanganya. Na ofisini nilijua Saidi hana kosa."

Saidi alirudi darasani kesho yake. Mimi nilisimamishwa mwaka mzima, nikaenda kupalilia kahawa na baba yangu, ambaye hakunisemesha mpaka mavuno.

Kabla ya kuondoka nilimwomba radhi Bi Tatu.

"Mimi sina neno," akasema. "Mimi nipo, anayenitaka atanikuta barazani. Lakini bibi yangu yuko wapi tena? Yuko mdomoni mwangu na kwenye makaratasi yenu. Saidi kamweka. Wewe ukamtoa."

Nililia, siwafichi.

Baadaye nilimaliza chuo, nikafundisha miaka mingi. Vijana, zile rejea za mwisho wa asainimenti mnaziona usumbufu wa mhadhiri. Mimi kila nikiziona naona watu, wengine hawana pengine pa kukaa.

Saidi alinisamehe, alitamka mwenyewe. Tulisalimiana vizuri mpaka alipofariki. Ila jambo lake la maana hakuniambia tena. Ndoa yake, watoto wake, hata ugonjwa uliomwondoa, vyote nilivisikia kwa watu wengine.

Uwanja ni wenu, nitajibu taratibu, vidole vizito. Lakini kama kuna mtu ulichukua lake ukaliita lako, na bado yu hai, mtafute yeye kwanza. Komenti itasubiri.