Shamba Lililogawiwa Nikiwa Basini

Nilisafiri kwenda nyumbani kwa sababu Baba alikuwa anagawa shamba. Kwetu, juu ya Ngaramtoni, shamba haligawiwi kwa barua wala kwa simu. Wazee wa ukoo wanakaa, mipaka inapandwa masale, na kila mtoto wa kiume anasimama kwa miguu yake kwenye kipande chake wakati mche unaingia ardhini. Asiyesimama hana kipande. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu boma la mama ni la kitinda mimba. Nilichotakiwa ni kuwepo tu, Jumamosi, kabla jua halijafika utosini.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne ya urubani msaidizi, yaani yule wa kiti cha kulia, kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam. Watu wanadhani ukishavaa shati jeupe lenye mistari begani umemaliza. Umemaliza nini? Marubani wamepangwa kwenye orodha kwa ukongwe, na jina langu lilikuwa la chini kabisa. Wa chini anakula makombo: zamu zilizokataliwa, likizo zisizotakiwa na mtu. Alhamisi na Ijumaa nilipangiwa zamu ya akiba. Unakaa chumbani, sare imepigwa pasi, simu mkononi, unangoja mwenzako augue ndipo uitwe. Hakuna aliyeugua. Siku mbili nzima nilikodolea dari macho. Nilikuwa nimeomba ruhusa mapema, na mpanga zamu akanijibu kwamba shamba halina mbawa, litanisubiri.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, na afadhali niliseme mapema. Nilipopata kazi, Baba alifanya ibada ya shukrani kanisani kwetu. Nikapewa kipaza sauti, nami nikajimwaga. Nikasema sasa ndege ni yangu, kwamba Yeyo, mama yangu, akinikumbuka asubuhi, mchana nitakuwa nakula kwake. Watu walipiga makofi, na Baba, ambaye hachezi hata kwenye harusi, alicheza. Laiti ningefunga mdomo.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, nilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na tiketi ya wafanyakazi. Tiketi hiyo maana yake unapanda kama kiti kimebaki. Ndege ya saa moja kwenda Kisongo, uwanja wa pale Arusha, ilijaa watalii mpaka kiti cha mwisho. Nikabakiwa na tumaini moja, kile kiti cha tatu kinachokunjuliwa mle ndani wanamokaa marubani. Niliongea na rubani mkuu wa safari hiyo, akakubali. Nilikuwa nimeshashika begi alipotokea rubani mkongwe mwenye mfuko wa suti, anakwenda harusini Arusha. Jina lake liko juu kwenye orodha. Nilimweleza habari ya shamba, akanisikiliza vizuri tu, akanipiga piga begani.

"Kijana," akasema, "na sisi tulianzia huko huko."

Akapanda. Nikasimama pale nikiiangalia ndege ninayoirusha mimi mwenyewe ikiondoka bila mimi. Nilitamani kulia, nikaona haya kwa sababu ya wahudumu.

Nikampigia Lazaro, kaka yetu mkubwa. Nikamwambia nimekosa kiti, nakuja na basi, awaombe wazee wanisubiri hadi kesho.

"Umekosa kiti kwenye ndege yenu?"

"Ndiyo, kaka."

"Sasa hilo wazee nawaambiaje?"

Saa mbili nilikuwa stendi ya Mbezi, na dakika chache baadaye ndani ya basi. Nilikaa na mama mmoja wa Marangu, mfanyabiashara wa vitenge, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema niko ofisini. Akanipa pole, akasema kazi za ofisini siku hizi hazina maana, akanimegea andazi. Tulipofika Korogwe, saa saba mchana, abiria wote walishuka kula. Mimi nilishuka kwa ajili ya mtandao. Ujumbe wa Lazaro ulikuwa neno moja: Wamemaliza. Kutoka hapo mpaka Same sikumbuki hata kijiji kimoja.

Saa moja jioni basi liliingia Arusha. Nikachukua bodaboda, tukapita Sakina penye malori na mafundi wake, tukafika Ngaramtoni, tukapanda mlima. Kwenye uzio wa boma niliona masale mapya, udongo wake bado mbichi.

Yeyo alinipa maziwa, akanieleza yote bila kunitazama. Asubuhi ndege ilipita juu yao ikizunguka kushuka Kisongo. Baba alisimama akavua kofia, akawaambia wazee, mwanangu huyo, mnywe chai taratibu. Walikunywa chai mpaka saa sita. Lazaro aliwaambia ukweli, kwamba niko ndani ya basi. Wazee walicheka. Mmoja akauliza ni dereva gani aliyewahi kuachwa na lori lake. Baada ya kicheko hicho Baba alimwashiria Elia, kaka ninayemfuata kwa kuzaliwa, asimame kwenye boma la mama.

Baba alikuwa nje kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ulitua saa ngapi?"

"Sikuwa kwenye ile ndege."

"Niliiona kwa macho yangu."

Nikampa tiketi ya basi. Aliigeuza geuza, akanirudishia.

"Kama ulikuja na ndege, umetudharau. Kama ulikuja na basi, ulitudanganya kanisani. Chagua moja."

Iliniuma, kwa sababu hakukuwa na la tatu. Nikamwambia nilidanganya.

"Sawa," akasema. "Lakini masale hayang'olewi."

Jumapili baada ya ibada Elia alinisindikiza mpaka barabarani. Elia hana ubaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alinishika mkono akaniambia niwe nakuja wakati wowote, nisione haya, nyumba ni yetu sote. Alikuwa ananikaribisha kwenye nyumba nilimozaliwa. Nikasema asante, nikapanda basi la kurudi Dar es Salaam.

Tangu hapo, anayeniuliza kuhusu kazi yangu namwambia kama ilivyo: mimi ni wa mwisho kwenye orodha, na kiti changu mwenyewe nakipata nikiwa kazini tu. Wengi hawaniamini. Ningeanza kusema hivyo pale kanisani, wazee wale wangenisubiri hadi Jumapili.

Wiki tatu baadaye nilipangiwa safari ya Kisongo. Tulizunguka kushuka, Mlima Meru ukiwa wazi mpaka kileleni, nikaliona bati la Yeyo. Masale hayaonekani kutoka juu. Palikuwa na mtu uani, amesimama, nadhani ni Baba, na sikuweza kuona kama amevua kofia. Rubani mkuu aliona ninavyoangalia nje.

"Ndiyo kwenu pale?" akauliza.

"Hapana," nikamjibu. "Pale ni kwa kaka yangu."