Gauni Lililokuwa na Joto

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini majina hayanipotei. Miaka tuliyokaa kwenye laini ya polisi, zile nyumba za safu za askari, marehemu mume wangu akiwa koplo, nilijua kila nyumba ina nani: mke wa kwanza, wa pili, mtoto aliyezaliwa ametanguliza miguu, mgeni aliyekuja kwa wiki moja akakaa miaka sita. Mjane akipoteza karatasi zake, aliletwa kwangu na mtu wa ofisi. Nikisema "huyu ndiye," basi ndiye. Mdomo wangu ulikuwa muhuri. Ndiyo maana haya ninayoyaandika yananichoma.

Mjukuu wangu wa kike anasoma mambo ya kompyuta, anakaa upande wa Kyambogo. Waliambiwa kila mwanafunzi atengeneze daftari ndani ya mashine, la kutunza habari za kweli za watu wa kweli, alipeleke Jumatatu. Yeye akachagua laini yetu ya zamani. Akaja kwangu Nateete na kompyuta ya mezani, kuukuu, ameipakata juu ya bodaboda kama mtoto mgonjwa.

Aliniambia mapema, "Jaja, hii haina betri. Usiguse waya wake pale ukutani." Nikamjibu kwamba nimelea watoto saba kando ya jiko la mafuta ya taa, waya utanishinda nini?

Jumapili baada ya chakula tukaanza nyumba ya kwanza. Mimi nasema, yeye anagonga. Majina yalijipanga kwenye skrini mstari kwa mstari, na mimi nikaanza kuvimba kwa majivuno. Nikamwuliza kama mashine yake inajua mke wa fundi viatu wa nyumba ya nne alikimbia na nani. Akacheka, akasema mashine haijui kitu, inajua tu kile tulichoiambia.

Tulipofika nyumba ya ishirini, wingu likafunga. Akasema anakimbia kwa jirani kupiga pasi gauni lake la kesho kabla mvua haijashuka, maana pasi yangu iliungua.

Sasa, kule laini tulikuwa na desturi. Radi ikinguruma, mtu mzima aliyeko nyumbani anachomoa kila kitu ukutani na kugeuza kioo. Hakuna kuuliza. Ikanguruma. Nikageuza kioo, nikachomoa redio, nikachomoa friji, nikachomoa na ule mwingine.

Skrini ikawa nyeusi. Hapo ndipo maneno yake yaliponirudia. Nikachomeka vyote upesi, nikabonyeza pale nilipomwona akibonyeza. Mashine ikawaka, ikaimba wimbo wake mfupi, ikatulia kama haijawahi kuniona.

Mjukuu akaingia, gauni mkononi, matone kichwani. Akatazama skrini, akanitazama.

"Umeme ulikatika," nikasema. "Umeme wa hapa si unaujua."

Aliketi, akatafuta huku na huku. Halikuwepo hata jina moja. Kisha akasema kosa ni lake, hakusevu. Nikamwuliza yameenda wapi, wakati macho yangu yameyaona yamejipanga pale. Akanieleza taratibu, kwa upole ambao sikuustahili.

"Ni kama mama wa sokoni, Jaja. Mikono yake inayofanya kazi, hiyo ndiyo prosesa. Meza anayopangia nyanya ndiyo memori. Anaifikia upesi, anapanga, anapangua. Lakini umeme ukizimika, meza inabaki tupu. Nyuma kuna stoo yenye kufuli, ndiyo diski. Kilichoingia stoo kinalala salama. Kusevu ni kubeba vitu toka mezani kupeleka stoo. Mimi nilikuwa sijabeba."

Akanipa gauni nilitundike. Nikalipokea, na lilikuwa bado na joto.

Nilisimama nalo nyuma ya mlango. Jirani ana pasi ya umeme, na waya wake na wangu zinatoka nguzo moja. Umeme ungekatika kwangu, ungekatika kwake pia, na mjukuu akiwa ameishika ile pasi. Mtoto alijua tangu alipokanyaga kizingiti. Aliuchukua uongo wangu akauita kosa lake.

Ningesema hapo hapo. Badala yake nilirudi kwenye kiti nikaanza tena nyumba ya kwanza, na majina yakaja yote kwa mpango uleule. Safari hii, kila baada ya jina, alibonyeza vitufe viwili pamoja: tak. Limeingia stoo. Jina, tak. Jina, tak. Akanisifu kwamba mimi sihitaji stoo. Nikainamia kanga yangu.

Alipolazimika kuondoka tulikuwa nyumba ya kumi na tatu.

Jumatatu jioni alirudi. Mwalimu wao hakupokea kazi nusu. Alimpa hadi Ijumaa, ila itasahihishwa kama kazi iliyochelewa. Alimwuliza sababu mbele ya wenzake, naye akasema alisahau kusevu. Darasa zima likacheka: mwanafunzi wa kompyuta, amesahau jambo la kwanza kabisa. Alinisimulia huku akichomeka waya, hanitazami.

Hapo nikashindwa.

"Niliuchomoa mimi," nikasema. "Umeme haukukatika."

"Najua, Jaja."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje kukwambia umedanganya? Wewe?"

Hilo neno la mwisho alilitamka polepole. Kama angenitukana, ningepumzika.

Tuliendelea kila jioni, na Alhamisi tukamaliza laini yote, hadi nyumba ya mwisho karibu na bomba. Jina la mwisho likasimama kwenye skrini. Akaniuliza kama yote niliyomwambia ni kweli, kwa sababu mwalimu anataka habari za kweli. Aliuliza bila ubaya, mikono imetulia. Kule laini, miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikasema ni kweli.

Akangoja kidogo, kisha akabonyeza vile vitufe viwili.